Chaja Iliyokufa Jumapili

Jumapili saa nane mchana taa ya chaja ilizimika na haikuwaka tena. Ilka aliichomoa kwenye soketi ya ukumbini, akaichomeka jikoni, akaipiga mara mbili kwa kiganja. Haikutoa mwanga. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua. Betri ya baiskeli, iliyokaa juu ya kabati la viatu, ilionyesha alama mbili kati ya tano.

"Acha kuipiga," mumewe Barna alisema kutoka mezani. "Hiyo ni kapasita, kidude cha ndani tu. Forinti mia nne, na nusu saa ya kazi."

"Kesho asubuhi naenda kwa Vendel."

"Kesho una alama mbili. Zitakupeleka na kukurudisha, ukikanyaga pedali kidogo. Haitakudhuru, mwili unao."

Mama yake Barna, Bibi Borka, aliyekuwa anachambua shingo ya kuku kutoka kwenye supu, alicheka bila kuinua uso.

Ilka alikuwa na miaka hamsini na mitatu, naye alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Alikuwa na wazee sita. Watano waliishi mjini na waliweza kufikiwa kwa miguu. Wa sita, Mzee Vendel, aliishi peke yake shambani, kilomita tisa kutoka mwisho wa lami, mahali ambapo basi halikupita na gari la mikate lilipita Jumatatu na Ijumaa tu. Mkataba ulisema kwamba mhudumu wa njia ya mashambani awe na usafiri wake mwenyewe. Mwezi wa nane msimamizi wake, Bi Kornélia, aliwaambia wahudumu wote kwamba amepokea barua ya maombi ya kazi kutoka kwa mwanamke wa miaka thelathini mwenye gari. Alisema hivyo akimtazama Ilka, kisha akaendelea na mambo mengine. Kwa hiyo katika nyumba ile kila mtu alijua hesabu: baiskeli ya umeme isipokwenda, kazi inakwenda kwa mwenye gari. Na mshahara wa Ilka ndio uliolipa gesi, umeme na dawa za mgongo wa Barna.

Baiskeli ya kawaida walikuwa nayo zamani. Barna aliiuza siku walipoleta ya umeme, akasema nyumba haina nafasi ya vyuma viwili.

Jumatatu saa tatu asubuhi Ilka alifika shambani kwa Mzee Vendel. Alimwashia moto, akampima shinikizo la damu, akampa dawa, akajaza kuni vikapu viwili na kuviweka karibu na jiko ili mzee asihitaji kutoka nje. Kisha akafungua daftari.

Daftari lilikuwa na mstari kwa kila siku: saa ya kufika, kazi iliyofanyika, sahihi ya mzee. Mzee Vendel alikuwa na miaka themanini na sita na mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba sahihi moja ilimchukua dakika nne, naye hakupenda kutazamwa akiiandika. Tangu majira ya baridi yaliyopita walikuwa wamekubaliana kwamba atasaini wiki nzima kila Jumatatu. Wahudumu wengine wa mashambani walifanya vivyo hivyo. Bi Kornélia alijua, na maadamu kurasa zilijaa, hakuuliza.

"Afadhali aibu yote niimalize siku moja," mzee alisema, akivuta kalamu. "Wiki hii ni ngapi?"

"Nne, mzee. Ijumaa ni sikukuu ya Watakatifu Wote, hatufanyi kazi."

"Ijumaa binti yangu Edina anakuja kunichukua, twende kwa mama yake makaburini. Nimemwambia aje na gari lenye hita, si lile la mwaka jana." Alimaliza sahihi ya nne, akaitazama. "Hili ni jina langu au ni mkia wa panya?"

"Mkia wa panya. Lakini ofisini wanaukubali."

Mzee alifurahi. Alimwambia ale andazi moja kabla hajaondoka. Ilka akala akiwa amesimama.

Betri ilizimika zikiwa zimebaki kilomita nne kufika mjini. Baiskeli ile bila umeme ilikuwa chuma cha kilo ishirini na saba. Aliikanyaga hadi goti la kulia likaanza kuuma, kisha akaisukuma.

Mchana huo alikwenda kwenye duka la baiskeli na forinti elfu ishirini na mbili kwenye pochi. Barna alimfuata, ingawa hakuombwa. Mwenye duka aliitazama chaja, akasoma maandishi ya nyuma, akasema kuitengeneza hii si kazi ya maana, imegandishwa kwa gundi, haina hata skrubu. Mpya ni elfu thelathini na nane na mia tisa. Akiagiza leo, Jumatano asubuhi ipo. Nusu ilipwe sasa, nusu ikifika.

Ilka alifungua pochi.

"Subiri kwanza," Barna alisema. Alimgeukia mwenye duka. "Hivi unajua unaongea na nani? Mimi nimetengeneza televisheni kiwandani miaka kumi na tisa. Humo ndani kuna vifaa vya forinti elfu mbili. Elfu tatu nikikuhurumia."

"Basi tengeneza, mzee."

"Nitatengeneza. Na usiniite mzee."

Mwanamume mmoja aliyekuwa anachagua taa ya nyuma aliacha kuchagua ili asikilize. Mwenye duka alimwambia Ilka, si Barna, kwamba akibadili mawazo apige simu kabla ya saa kumi na moja, kwa maana oda zinatoka jioni hiyo. Barna alimshika mkewe kiwiko na kumtoa nje. Njiani alimweleza kwamba watu wa namna ile wanaishi kwa pesa za wanawake wenye haraka.

Ilka hakupiga simu. Alifika nyumbani saa kumi, akamwona mumewe akitandaza gazeti mezani, akiwasha chuma cha kulehemea nyaya, akivaa miwani, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya joto alimwona amekaa wima. Alifikiri labda anaweza. Hilo ndilo alilolijutia baadaye kuliko mengine, kwamba kwa saa moja aliamini.

Barna aliipasua chaja kwa kisu cha nyama. Alibadilisha kapasita kwa nyingine aliyoitoa kwenye redio. Alipoichomeka, umeme wa nyumba nzima ulikatika, na kutoka chumbani Bibi Borka akauliza kama sasa wataonyeshwa na kipindi cha pili.

Jumanne Ilka alitoka saa moja asubuhi, akakikanyaga kile chuma kadiri goti lilivyomruhusu, kisha akakisukuma. Alifika saa tano na nusu. Mzee Vendel alikuwa amekaa na koti kitandani.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Nikasema, sasa nitamtafuta wapi mwingine anayekula andazi amesimama?"

Ilka alikuwa na wazee wengine watano wanaomngoja mjini. Aliwasha moto, akatoa dawa, akajaza kikapu kimoja cha kuni badala ya viwili. Alimwambia mzee asiguse kuni za nje. Kesho atakuja mapema. Mzee akasema sawa.

Jioni goti lilikuwa limevimba hadi halikunjiki. Barna alilitazama, akasema tatizo limekwisha. Kwenye banda la uani baiskeli ya magurudumu matatu ya mama yake ilikuwa imeegeshwa, na chaja yake ilining'inia msumarini. Ilikuwa ya volti thelathini na sita kama ya Ilka. Plagi ilikuwa ya pini tatu kama ya Ilka. Aliichomeka kwenye betri, ikaingia sawasawa, taa nyekundu ikawaka.

Lakini baiskeli ya Bibi Borka ilitumia betri nzito za madini ya risasi, za aina ya zamani, na chaja yake ilisukuma volti mbili zaidi ya zile ambazo betri ya Ilka iliweza kuzipokea. Hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya chaja kwa herufi ndogo. Barna aliyasoma maandishi hayo. Alisema kiwandani volti mbili ilikuwa tofauti ya kawaida.

Jumatano alfajiri betri haikuonyesha alama hata moja. Ilka aliibonyeza mara nyingi. Kitu ndani yake kilikuwa kimejifunga ili isiungue, na kilikataa kufunguka. Baadaye mwenye duka angesema kwamba kuifungua na kubadili kibao cha umeme cha ndani ni elfu thelathini, mbali na chaja.

Bibi Borka naye aliingia jikoni akiwa amevaa koti na kilemba. Ilikuwa wiki yake. Kila mwaka, kwa siku nne kuelekea Watakatifu Wote, aliuza maua ya krisanthemu langoni pa makaburi, na hizo ndizo siku pekee alizoshika pesa zake mwenyewe. Alikuwa amekuta chaja yake haipo msumarini na baiskeli yake haikujazwa.

"Nani kaichukua?"

Barna alisema ni kwa usiku mmoja tu.

"Mwanangu, wewe umekiua kiwanda, umeua mgongo wako, umeua chaja ya mkeo, sasa umeua betri yake. Mimi niachie. Nami nitakufa mwenyewe, sihitaji fundi."

"Mama, nakuomba," Ilka alisema. "Niazime baiskeli yako leo tu. Ina chaji ya kufika. Nitairudisha saa sita."

"Nani abebe ndoo ishirini za maua? Wewe na goti hilo?"

"Mzee yuko peke yake."

"Wote wako peke yao. Wangu mimi wa makaburini wananilipa wiki moja kwa mwaka, na ni wiki hii. Vendel anakulipa wewe, mimi hanilipi." Alivaa glavu. "Piga simu ofisini kwako. Waambie. Si ndiyo kazi yao?"

Ilka alichukua simu na kuiweka mezani. Alijua Bi Kornélia angesema nini. Angesema pole, angesema goti lipumzike kadiri linavyohitaji, na kabla ya saa sita yule mwenye gari angekuwa njiani kwenda shambani. Teksi ilikuwa elfu sita kwenda na elfu sita kurudi. Barna, alipotajiwa, alisema kwamba yeye kwa elfu kumi na mbili angembeba mzee mgongoni hadi mji wa Szeged.

Badala ya ofisi, saa moja na nusu Ilka alimpigia Mzee Vendel. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena saa tatu. Mzee hakuwa na desturi ya kupokea. Simu yake iliishi kwenye droo ya meza, pamoja na vijiko. Ilka alijiambia kwamba kikapu kimoja cha kuni kinatosha siku mbili, na kwamba siku moja haijamuua mtu. Kisha akaenda kwa wazee wake wa mjini, akichechemea, na kila mmoja alimweleza dawa ya goti.

Kikapu kimoja hakikutosha. Usiku wa Jumanne ilikuwa baridi, na saa moja asubuhi ya Jumatano Mzee Vendel alitoka uani kuchukua kuni. Aliporudi na vipande vitatu kifuani, aliteleza kwenye kizingiti akaangukia ndani, kati ya jiko na kitanda. Nyonga ilivunjika. Aliweza kuvuta blanketi moja kwa kona. Hakuweza zaidi. Alimsikia jogoo wa jirani aliye mbali, akaisikia simu ikiita ndani ya droo, mara mbili. Hakuogopa sana, kwa kuwa alijua saa tatu Ilka anafika, na kama jana, basi saa tano na nusu. Mchana alijua kwamba atafika kesho.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Madaftari yote yalitakiwa ofisini kabla ya saa sita mchana, kwa sababu serikali ililipa kwa kila siku iliyosainiwa, na Ijumaa ofisi ingefungwa. Ilka, ambaye kwa goti hilo hakuwa amekwenda shambani hata siku hiyo, alikaa jikoni akafungua ukurasa wa Mzee Vendel. Sahihi nne zilikuwepo, zote zinatetemeka, zote za kweli. Pembeni mwa mbili kulikuwa na nafasi tupu.

Aliandika: Jumatano, saa tatu, moto, kifungua kinywa, dawa, shinikizo mia na arobaini kwa themanini. Alhamisi, saa tatu. Moto, supu ya viazi, dawa. Mia na thelathini na tano kwa themanini. Alibadilisha namba kwa sababu namba zinazofanana huvutia macho. Kwa siku hizo mbili alitumia kalamu mbili tofauti.

Alimpigia mzee simu mara moja zaidi. Iliita hadi ikakatika.

Bi Kornélia alilipitia daftari akiwa amesimama, kidole kikishuka ukurasani.

"Unachechemea," alisema.

"Niliteleza nyumbani."

"Haikuzuii?"

"Hapana, bibi."

"Na huyu Vendel, baridi hii anaiwezaje?"

"Anaiweza. Kesho binti yake anamchukua."

"Vizuri." Alipiga mhuri. Alisema, bila kubadili sauti, kwamba anafurahi, maana mwezi ujao angelazimika kuamua kuhusu ile barua, na watu wenye madaftari safi humrahisishia kuamua. Ilka alishukuru. Mlangoni alimpisha mhudumu mwingine, naye alikuwa anajaza ukurasa wake wa mwisho kwa kuuegemeza ukutani.

Ijumaa makaburi yalijaa watu tangu asubuhi. Ilka na Barna walikwenda kuwasha mishumaa kwenye kaburi la baba yake Barna. Langoni Bibi Borka alikuwa amebakiwa na ndoo tatu. Alimpa mteja chenji, kisha akamgeukia mkwewe.

"Yule mzee wako wa shambani amekufa," alisema. "Binti yake kamkuta sakafuni saa nne. Dereva wa gari la maiti kanunua kwangu maua ya vikonyo vikubwa." Akamtazama usoni muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. "Mchukulie na wewe moja. Nusu bei."

Barna alilipa.

Habari kamili zilifika mjini kabla ya jioni, kwa kuwa daktari alikuwa na dada yake sokoni. Nyonga ilikuwa imevunjika. Moto ulikuwa umezimika. Mzee alikufa kwa baridi usiku wa kuamkia Ijumaa, na daktari alikadiria kwamba alilala sakafuni muda fulani kabla. Muda gani, hakuweza kusema kutokana na mwili peke yake. Akauliza ni nani aliyemwona mwisho, na lini. Kulikuwa na daftari. Akaandika kwamba alianguka Alhamisi, baada ya saa tatu asubuhi.

Jumamosi Bi Kornélia alimpigia Ilka. Alimpa pole. Alisema daftari lake limesaidia sana, kwamba bila hilo kungekuwa na maswali na polisi na maelezo kwa serikali, na kwamba yeye binafsi hatalisahau.

"Na jambo jingine," alisema. "Njia yako ya mashambani ilikuwa na mtu mmoja tu, naye hayupo. Umebaki na watano wa mjini. Barua ile nimeijibu, nimesema nafasi hakuna. Hiyo baiskeli kwa sasa huihitaji."

Ilka alisema ndiyo. Alipoikata simu, Barna, aliyekuwa amesikia yote, alisema unaona, elfu thelathini na nane na mia tisa zingekwenda bure.

Jumapili mchana Edina, binti wa Mzee Vendel, alikuja. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mhasibu wa kampuni ya maji huko Szeged, amevaa nguo nyeusi ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asijisumbue. Barna alimmiminia pombe ya matunda kwenye kibilauri. Bibi Borka alitoa vimandazi vya chumvi na yeye mwenyewe akakaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.

Edina alisema hakuja kulia. Alikuja kwa sababu katika siku mbili hizo, kati ya daktari, kasisi na watu wa mazishi, hakukuwa na hata mmoja aliyemwona baba yake akiwa hai wiki hiyo, isipokuwa Ilka.

"Nilimpigia baba Alhamisi saa saba mchana," alisema. "Hakupokea. Ni kawaida yake, lakini sijui, nilipata wasiwasi. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kazini mapema. Nikasema niende leo leo, nilale hukohuko. Halafu nikapiga ofisini kwenu kwanza. Bi Kornélia akafungua daftari akanisomea. Kala supu ya viazi. Shinikizo mia na thelathini na tano. Na sahihi yake ipo." Alizungusha kibilauri bila kunywa. "Nikatulia. Nikaenda kununua maua."

Bibi Borka aliacha kutafuna.

"Alikuwaje, asubuhi ile?"

Ilka alisema alikuwa mzima. Alisema alizungumza habari za gari lenye hita. Hilo lilikuwa kweli, ila la Jumatatu.

Edina alicheka na kufuta pua. "La mwaka jana alililalamikia hadi Pasaka. Alisema nini kingine?"

"Alisema jina lake limefanana na mkia wa panya."

"Ndiye huyo." Aliweka kibilauri mezani. "Nilikuta sufuria safi kabisa. Imefunikwa, iko mahali pake. Nikasema, tazama, kampikia supu na sufuria kamwoshea. Wangapi wangefanya hivyo?"

"Niliiosha," Ilka alisema.

Barna alikuwa amemaliza kibilauri cha pili. Alimwona mgeni ni mtu mwenye kazi nzuri na moyo laini, na aliona kwamba mazungumzo yanakaribia kwisha bila kufika popote. Aliegemea meza. Alisema dada, hujui mke wangu ameteseka kiasi gani wiki hii. Chaja ya baiskeli ilikufa Jumapili. Yeye mwenyewe alijitahidi, kwa mikono hii, lakini vifaa vya siku hizi havitengenezeki. Kisha betri nayo. Elfu sabini karibu, kwa watu kama wao.

"Tangu Jumatatu mchana," alisema, "baiskeli haijasogea yenyewe hata mita moja."

Alisikia alichokisema baada ya kukisema. Akashika chupa bila kumimina.

Edina alimgeukia Ilka polepole.

"Tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Sasa Alhamisi ulifikaje kwa baba?"

Ilka aliitazama mikono yake juu ya kitambaa cha meza.

"Kwa miguu," alisema.

"Kilomita tisa."

"Ndiyo."

"Na kurudi. Na Jumatano vilevile?"

"Jumatano vilevile."

"Ndiyo maana ulichechemea uliponifungulia mlango," Edina alisema. Alisimama, akazunguka meza, akamshika Ilka mkono wa kulia, akauinamia na kuubusu, jambo ambalo watu wa mji ule walikuwa wakilitamka kila siku kama salamu, "nabusu mkono", na hakuna aliyelitenda kwa miaka hamsini. Barna alitazama dirishani. Edina aliporudi kwenye kiti alifungua mkoba, akatoa kidaftari na kalamu. Alisema pesa hatampa, angekuwa anamtukana. Lakini Szeged kuna fundi anayeshona buti za ngozi zenye manyoya ndani, buti za miaka ishirini, na kesho kutwa anapita kwake.

"Unavaa namba ngapi?"

Edina alingoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Mjibu," Bibi Borka alisema. "Usimchoshe mgeni."

"Thelathini na tisa," Ilka alisema.

Edina akaandika.